Kimekatika

Kioo kililala mezani, kirefu kuliko mtu mzima, na fundi vioo alikizunguka kama bwana harusi aliyewahi mno. Katika miaka thelathini hakupata kukata kikubwa hivyo, na cha namna hiyo kilikuwa hicho kimoja tu. Kikienda kombo, basi tena. Mkewe alikwisha fagia karakana mara mbili. Binti yao, mwanafunzi wake kwa miaka minne sasa, alishika rula, macho yanamwaka.

Tatizo lilikuwa mkono. Tangu mvua zilizopita, mkono wa kuume ulimtetemeka, naye aliulaani kama rafiki msaliti. Bila mkono ule, yeye nani?

Mama yake, aliyeketi mlangoni, hakuwa mtu wa kuhubiri dini yao ya Kihindu, aliiishi. Ila toka fundi akiwa mdogo alimwambia kuwa roho si mwili, mwili ni vazi la kuazima, na mateso huanza pale mtu anaposhona jina lake kwenye vazi hilo. Fundi aliitikia kila mara, akaendelea kushona.

Aliinua almasi ya kukatia. Ncha ikacheza juu ya kioo kama nzi.

“Mume wangu huyu,” mkewe akamchokoza, “kikipona, ‘nimekata’. Kikiharibika, ‘kimevunjika’, eti chenyewe!”

Wakacheka wote, hata fundi. Mama peke yake hakucheka.

“Hiyo ‘ni’ ya ‘nimekata’ ndiyo inayokuuma, mwanangu. Si mkono.”

Fundi akautazama mkono. Akauona, kwa mara ya kwanza, kama chombo: kimetumika, kimechakaa, kama almasi alizokwisha kuzimaliza. Akampa binti almasi.

“Baba, nikiharibu je?”

“Wewe kata, usisite katikati. Mengine si yako, wala si yangu.”

Binti akachovya ncha kwenye mafuta ya taa, akavuta. Kriiii, kama kitambaa kinachopasuliwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Akagonga kwa chini, tk, tk. Kisha: tak!

Vipande viwili, ukingo umenyooka kama uzi. Binti akaruka, mke wa fundi akapiga makofi, halafu wote wakamgeukia fundi. Ile ‘ni’ ya zamani ilikwisha kufika ulimini.

“Kimekatika,” akasema, akachukua kitambaa, na kwa mkono uleule unaotetemeka akaanza kukifuta kioo.