Mmarekani kwenye foleni ya pamba

Juzi hapa Bariadi, tukiwa tumekalia mizigo yetu ya pamba tukisubiri mizani, jamaa mmoja alituchosha na habari za mbunge wa jimbo fulani huko Marekani. Humfuatilia kila siku kwenye simu.

"Alianzia kamati ya shule," akasema, kidole juu. "Kodi mpya anakataa, bangi anakataa. Tangu aingie bungeni hajayumba. Mwanaume kweli!"

Mama mmoja akamkatiza. "Mwanangu, na diwani wetu alisemaje kuhusu bomba la zahanati? Mpaka leo tunachota mtoni."

"Diwani?" Jamaa akajikuna shingo. "Siku hizi ni nani vile?"

Tukacheka. Aliyecheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa kofia, ni bwana aliyekaa mbele yangu. Namfahamu, nilimpigia kura. Ndiye diwani mwenyewe.

Nikafungua mdomo nimtaje, lakini mama alishaiinamia simu ya jamaa. "Hebu nimwone huyo Mmarekani."

Diwani naye akasogea aone. Kwa wapiga kura wa aina yetu, hata mimi ningekuwa diwani ningecheka.