Kokoto za Mama

Mama yangu alitusomesha kwa kuponda kokoto. Alikaa juani kule chini ya msitu wa Olmotonyi, nyundo mkononi, mawe makubwa yakigeuka madogo kutwa nzima. Tulipochelewa kurudi na maji alifoka: "Mbona mnajikokota? Nani kawatia kokoto kwenye viatu?" Hata viatu vyenyewe hatukuwa navyo! Lakini tulikua tukiamini kwamba kujikokota ni kutembea kama mtu aliyekanyaga kokoto.

Kisha nikawa mwalimu wa Kiswahili, kichwa kikavimba. Siku moja aliporudia habari ya kokoto kwenye viatu, nikamsahihisha mbele ya wageni. "Hapana, mama. Neno hilo linatoka kwenye kukokota, kuvuta kitu kizito. Ndiyo maana tuna mkokoteni. Anayejikokota anajivuta mwenyewe." Wageni wakacheka. Mama, aliyezaliwa katika Kimaa na Kiswahili akakikuta ukubwani, akasema tu, "Asante, mwalimu," akaenda jikoni kuangalia ndizi. Mpaka leo naona haya.

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha, mguu wa kushoto ukawa mzito. Nikamleta kwangu Daraja Mbili, na kila asubuhi tulizunguka uani, mimi nikiwa fimbo yake. Kilichomuuma ni kimoja: Chakula cha Bwana. Mchungaji alimletea pale benchini alipokaa, naye alipokea machozi yakimtoka.

"Maisha yangu yote madhabahu nimeiendea mwenyewe," aliniambia. "Sasa naletewa kama mgonjwa."

"Lakini mama, wewe ni mgonjwa."

Alininunia siku mbili.

Jumapili iliyopita, watu wa benchi letu walipoinuka kwenda mbele, naye akainuka. Nikamshika kiwiko. Katikati ya kanisa akasimama, nikadhani amechoka.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "kujikokota ni nini vile?"

"Mama jamani, si hapa."

"Nijibu."

"Ni kujivuta mwenyewe."

"Haya. Mbona unanivuta wewe? Niachie."

Kumbe alikuwa ameliweka moyoni miaka yote hiyo! Nikamwachia, roho juu. Mguu wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukafuata ukikwaruza sakafu, krr, krr. Nikawa nyuma yake, mikono nimeitanua tayari kumdaka. Sauti ile naijua tangu utotoni. Ni kokoto, kamusi yangu iseme itakavyo. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, lakini alikuwa ameshafika.