Kifungo cha Juu

Katika darasa langu la chekechea mjini Garissa, kifungo kilikuwa mgeni na tundu lilikuwa mlango. Mkono wa kulia unabisha hodi, wa kushoto unampokea mgeni. "Karibu!" watoto walipaza sauti kila kifungo kilipopenya. Niliwaanzisha chini, kwa sababu kifungo cha chini mtoto anakiona, cha juu kimejificha chini ya kidevu. Nilikuwa na kipande cha gunia nilichokipigilia kwenye ubao, nikakishonea vifungo vya koti kuukuu, na hicho ndicho kilikuwa kitabu chetu.

Wavulana walinicheka. Nyumbani walivaa macawis, ile nguo ya kiunoni inayoshikwa na mkunjo wake yenyewe, na vifungo waliviona usumbufu wa bure. Wasichana nao walivaa hijabu iliyofika magotini, ikafunika shati lote. Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huko ndani nani ataona?" Nikamjibu kwamba mimi nitaona. Nilikuwa na kiburi cha kazi, sikatai.

Lakini moyo wangu haukuwa Garissa. Binti yangu, wa miaka minne kama hao, alikuwa Mwingi kwa mama yangu. Kila nilipopiga simu nilimwambia mama amfundishe vyote, kunawa uso, kusali, hata kuhesabu kuku, ila vifungo aniachie mimi. Mama alicheka. "Mganga hajigangi," alisema, "lakini sawa, tutakungoja." Nilihesabu wiki za muhula kwa ajili ya vifungo hivyo. Nilijua hata tutakapokaa: kwenye kizingiti cha jiko, yeye katikati ya magoti yangu, mikono yangu juu ya yake. Nilikuwa na hamu na mtoto huyo mpaka vidole vikaniuma.

Darasani kulikuwa na msichana mmoja aliyenishinda. Aliletwa kila asubuhi na nyanya yake, ambaye sote tulimwita ayeeyo kama watoto walivyomwita, kwa maana mama mtu alikuwa mpishi katika ofisi moja huko Dadaab na alirudi Ijumaa tu. Kila nilipoinua hijabu ya mtoto huyo kukagua, vifungo vyote vilikuwa sawa ila cha juu. Nikakifunga mwenyewe. Wakati wa uji, kiko wazi tena. Nilidhani tundu limelegea, nikachukua sindano nikalibana. Wapi! Kwenye fomu ya tathmini, mahali palipoandikwa "anajifunga vifungo mwenyewe", niliandika "bado", na niliandika kwa hasira kidogo.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika nilipanda basi la kwanza. Mwingi kulikuwa na baridi, na binti yangu alinikimbilia akiwa na sweta iliyofungwa vizuri mpaka shingoni. Nilimtazama mama kwa jicho baya. Akainua mikono juu.

"Sikumfundisha, Mungu ananiona. Alikaa siku nzima na sweta ya mjomba wake, akajifunza peke yake."

Nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikamwomba tufungue ili tufunge pamoja.

"Wacha, mama. Mimi najua."

Alinisukuma mkono kwa upole, akaenda kwa nyanya yake kuomba chai. Nilimsifu, maana ndiyo kazi yangu, kuwasifu watoto wanaojifunga wenyewe. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Jumatatu nilikuwa tena Garissa. Nikainua hijabu ya yule msichana: cha juu kiko wazi. Nilikuwa nimeshakishika wakati ayeeyo, aliyekuwa bado mlangoni, alipokuja akanishika kifundo cha mkono.

"Habana, mwalimu. Hiyo wacha."

"Ayeeyo, ataingia darasa la juu hajui kujifunga?"

"Anajua, wallahi. Nyumbani yeye mwenyewe nafunga yote, hata ya kaka yake nafunga. Hiyo moja nawekea hooyo, mama yake. Ijumaa akikuja, yeye ndio nafunga."

Nilisimama nikiwa na kifungo cha watu mkononi. Wiki zote hizo nilikuwa nikifunga kitu chenye mwenyewe, na mtoto alikuwa akikifungua kwa subira bila kunishtaki. Nikakiachia, nikaenda kufuta lile neno "bado" kwenye fomu.

Ijumaa tulifunga shule mapema kabla ya swala. Mama yake alikuwa langoni, vumbi la barabara ya Dadaab mpaka kwenye nyusi. Mtoto alimkimbilia, akainua hijabu yake mwenyewe, akainua na kidevu. Mama akachuchumaa. Kifungo hakikuingia mara ya kwanza, wala ya pili, kwa sababu ya sindano yangu. Akakigeuza, akakilowesha kwa mate, akajaribu upya. Nilitaka kwenda kumwomba radhi. Kisha nikaona uso wa mtoto, na mtoto hakuwa na haraka hata kidogo. Nikabaki palepale mlangoni, nikitamani ningekuwa nimebana hata tundu moja la sweta ya binti yangu kabla sijaondoka Mwingi.