Meno ya Kauri ya Baba Mdogo

Baba mdogo alirudi kutoka Bombay na meno sita mapya ya juu, na jioni ileile akawaalika rafiki zake nyumbani Area D wayaone. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Duka lake la vipuri pale mjini lilikuwa limezaa maduka mengine, na wafanyabiashara wa Dodoma walikuwa wakienda ng'ambo kama zamani walivyokwenda Kondoa. Mimi nilikuwa msichana niliyekwisha maliza shule. Nilimsaidia kuuza dukani na kulala kwake.

"Haya si ya kuvua," aliwaambia wageni. "Wametoboa mfupa, wakakaza skrubu, juu yake wakavika kauri. Mimi nitaoza, yenyewe yatabaki."

Akachukua ubavu wa mbuzi, akauvunja kwa meno. Wageni wakacheka. Mama mdogo, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia.

"Na wewe cheka basi," baba mdogo alimwambia.

Hakucheka. Alikuwa hacheki mbele za watu tangu mumewe alipomng'oa meno manne ya mbele kwa ngumi, kwa sababu chakula kilichelewa. Majirani waliambiwa aliteleza bombani. Ndugu zake walikuja kutoka Kibakwe, wakapewa chai, wakaambiwa hivyohivyo, wakarudi kwao.

Siku chache baada ya sherehe ile alimwomba mumewe, kwa sauti ya chini, amtengenezee japo meno ya plastiki. Baba mdogo alikuwa anakula, wala hakuinua kichwa. "Meno ni ya mtu anayeongea na watu," alisema. "Wewe unaongea na nani?"

Miaka iliyofuata alifungua soda kwa meno mbele ya wateja, alitafuna mifupa ya kuku ikawa unga. Alipojilaza kochini mchana, tulisikia akisaga meno usingizini, mlio kama wa kisahani kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Meno yake ya chini, ya kuzaliwa, yakaanza kuwa mafupi. Maji baridi yakamtia machozi. Alilaumu chumvi ya maji ya Dodoma, akalaumu mapishi, akamtupia mama mdogo bakuli. Mwishowe shavu likavimba, tukampeleka kwa daktari wa meno aliyekuwa amefungua kliniki yake mjini.

Daktari alimwangalia muda mrefu. "Mzee, ya juu hayana hata mkwaruzo," alisema. "Hilo ndilo tatizo. Kauri hii ni ngumu kuliko jino lako, kwa hiyo kila ukitafuna inayasaga ya chini. Halafu jino la kuzaliwa lina utando kwenye mzizi. Ukiuma kitu kigumu linabonyea kidogo, unasikia, unaacha. Haya ya kupandikizwa yameshikana na mfupa wenyewe. Hayakuonyi."

Kisha akamgeukia mama mdogo. "Mama, mpikie vitu laini. Wali, ndizi, nyama ya kusaga. Mifupa basi."

"Nimesikia, dokta."

Ijumaa iliyofuata walikuja wageni. Mama mdogo alipika jogoo mzee na mbavu za mbuzi, akaandaa na mahindi ya kuchoma. Nilimfuata jikoni nikamkumbusha maneno ya daktari.

"Aliyasema," alijibu, huku akichagua mifupa mikubwa na kuiweka kwenye sahani ya mumewe.

Alipoitenga mbele yake, aliwaambia wageni kwa upole, "Bwana hapendi vya kusagwa. Si mnayajua meno yake." Wote wakamtazama mumewe. Baba mdogo akauma. Niliona machozi yakijaa, na mshipa ukimsimama shingoni.

"Nikuongezee?" mama mdogo aliuliza.

"Ongeza," alisema.

Ikawa hivyo kila Ijumaa, hadi wageni walipoacha kuja. Meno ya chini yalimalizwa, moja likipasuka, jingine likioza, yote yakang'olewa. Akapatwa na kiharusi, upande mmoja ukalala, na maduka yakabaki mikononi mwa mkewe. Aliomba kwa ishara atengenezewe meno ya chini. "Tutaona," mama mdogo alimjibu, na hakumpeleka popote.

Mimi nilikuwa nimeolewa Nzuguni. Siku moja nilikwenda kuwasalimu, nikamkuta mama mdogo akimlisha mumewe uani, kijiko kimepotea, anatumia vidole. Uso wa baba mdogo ulikuwa umebonyea kwa chini. Juu, kauri ziling'aa vilevile kama siku ya kwanza. Ghafla akafumba mdomo akamng'ata kidole kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kauri zikazama kwenye ngozi, lakini chini palikuwa na ufizi mtupu, usioweza kubana.

Mama mdogo hakuuvuta mkono. Alimtazama machoni, akangoja mpaka alipochoka kung'ata mwenyewe. Kisha akapangusa kidole kwenye shati la mumewe, akachota tena.

"Fumbua," alisema.