Hodi ya Paani

Shangazi aliniomba niandike maelekezo ya wageni kwa sababu, alisema, nimesoma chuo kikuu na sina kazi. Nyumba yake iko ndani ya mji wa Lamu, na vyumba viwili vya juu hupangishwa. Aliyotaka yaandikwe yalikuwa machache. Punda hupishwa hata kama wewe ndiye uliyetangulia uchochoroni. Viatu huvuliwa chini ya ngazi. Ukiambiwa boti yaondoka saa moja, ujue ni asubuhi jua likiwa changa, si baada ya chakula cha mchana. Na usipande paani kabla ya kupiga hodi.

Hilo la mwisho nilikataa kuliandika. Hodi apigiwe nani, na paa ni letu? Shangazi akanieleza kama mtoto mambo niliyokuwa nikiyajua: ua wa jirani uko chini yetu, wanawake hukaa humo vichwa wazi, husukana nywele. Ndiyo maana mkwezi hupaza sauti kabla ya kuparamia mnazi, na fundi wa tangi kabla ya kupanda, ili walio chini wajisitiri. Nikasema asiyetaka kuonekana na ajiezekee.

"Ndilo analotaka kufanya," akasema shangazi.

Hapo ndipo nilipojua matofali yaliyorundikwa uchochoroni yalikuwa ya nini. Jirani, mjane anayeishi na binti zake wawili, alikuwa amechoshwa na wageni wa kuchungulia. Angeupandisha ukuta wake mpaka uzidi paa letu. Ukuta huo uko upande wa kusi, na upepo wa kusi ndio unaovifanya vyumba vile vikalike. Ukizibwa, ni tanuri, na nani apange tanuri? Vyumba hivyo ndivyo vilivyonisomesha.

Shangazi alikwenda kumsihi. Akanyweshwa kahawa, akaulizwa hali ya kila jamaa, kisha akaambiwa kwa upole kwamba fundi anaanza baada ya Ijumaa. Alirudi akasema ukuta ni wa jirani kweli, lakini upepo ni wa Mungu. Nikamwambia hoja hiyo hakimu hataipokea. Hakucheka.

Siku zile tulikuwa na mgeni mmoja tu, Mjerumani mrefu, seremala mstaafu. Ukingo wa paa unaonifika mimi kifuani yeye ulimfika kiunoni. Nikaona ubishi wangu utatugharimu, nikamfundisha kwa mdomo: ukifika kidato cha mwisho cha ngazi, ita neno hili, subiri, ndipo utokeze. Alilitamka hodi vizuri kabisa. Lakini mjini, kila mlango aliopita, alikuwa amesikia neno jingine.

Alasiri nikiwa chini nakuna nazi, nikasikia kutoka juu sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya maji: "Karibu! Karibu!"

Uani kwa jirani kukasikika minong'ono. Kisha kicheko. Baada ya muda mlango wetu ukapigwa hodi, na jirani akaingia na buibui lake na binti zake nyuma, mkononi sahani ya mahamri iliyofunikwa kawa.

"Tumeitwa, tumeya," akasema, kana kwamba kuitwa na kuja ni jambo la kila siku. Shangazi akabaki na upawa wa mchuzi mkononi, asijue kama huo ni utani au ugomvi. Jirani akaelekea ngazi. "Mnara wenu huo una sauti," akaongeza, akimkusudia mgeni wetu mrefu.

Miaka yote ya ujirani hakuwahi kufika paani kwetu. Mgeni, alipotambua kosa lake, alitaka kushuka. Akaamriwa akae ale hamri. Jirani akaenda ukingoni, akautazama ua wake mwenyewe kutoka juu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo tuonekanavyo," akasema.

Nikasogea karibu naye. Kilichoonekana kilikuwa pembe moja, penye mfereji na kamba ya nguo. Kwingine kote mdimu wake ulikuwa umefunika. Upepo ukaipeperusha ncha ya mtandio wake, akaiachilia. Akasema chini kwake hauingii hivyo. Nikamuuliza kama ukuta ungeuingiza. Shangazi akanikata jicho.

"Wewe huchoki kuuliza," jirani akasema. "Ukuta hauleti upepo, mwanangu. Waleta sitara."

"Na kwa sitara ya pembe moja, mkeka hautoshi?"

Alisema mkeka utaoza kwa mvua. Nilipomfasiria mgeni, akasema ataufanyia fremu ya mbao, wa kwanza ukioza utiwe mwingine. Jirani akampima kwa macho kama anayepima bei ya samaki, kisha akamtuma binti yake mkubwa akaulizie mikeka inayosukwa kijijini Kipungani.

Mkeka uko pale hadi leo, juu ya ukuta wake, mbele ya pembe ile tu. Upepo hupita kando yake. Matofali nayo bado yako uchochoroni, paka hulala juu yake, na siwezi kuapa kwamba hayatapanda kamwe. Lakini fundi alirudishwa kwao.

Maelekezo niliyamaliza wiki ile. Kabla ya kuyabandika, nilikwenda kumuuliza jirani neno lipi wageni waite.

"Hodi," akasema. "Kwa hodi twajifunika. Mnara wenu mwacheni na lake. Akiita, twaya."