Mwisho Alioutunga Nassoro

Hapa Magarama, mjini Gitega, kabla hujalipia filamu kwenye banda la video, muulize kwanza Anisia anayeuza maandazi mlangoni. Ana macho makali na ulimi usio na breki. Juzi ilikuja filamu ya wapelelezi, akaitazama, akatoka amekunja uso. Jambazi kakimbia katikati ya soko, kamwaga nyanya zote, na mwenye nyanya haonekani tena. Anisia akasema filamu isiyomjali mwenye nyanya haina adabu. Iliyofuata, ya mapenzi, aliisifu mpaka pale mke wa mkulima aliposhika jembe kwa kucha ndefu nyekundu. Sisi tulicheka. Mwenye banda hakucheka, maana siku hiyo viti vilibaki vitupu.

Ila filamu moja hakuwahi kuisema vibaya. Aliiona akiwa msichana katika kambi ya wakimbizi, Tanzania: askari anarudi kijijini kwao baada ya vita. Nassoro, mwenye video pale kambini, alikuwa akisimama kando ya televisheni na kuwasimulia watu kwa Kiswahili. Mwisho aliusimulia kwa mdomo tu, jenereta imezima: askari anaikuta nyumba haina paa, lakini mama yake yu hai na maharage yako motoni. Lori la kuwarudisha watu Burundi lilipotangazwa, mama yake Anisia aligoma, akasema kwao hakuna kilichobaki. Anisia akamsimulia filamu ile, akarudia na kurudia, hadi mama akafunga mizigo.

Sasa mwezi uliopita filamu ile ile ikaletwa Magarama. Anisia akamlipia mama yake kiti cha mbele. Askari akafika kijijini, akakuta majivu matupu, akageuka na kwenda zake. Ikaishia hapo.  Mama alijifunga kitenge chake vizuri, wakarudi nyumbani.

Aibu ilimshika Anisia hadi maandazi yakamuungulia. Alimrudisha mama yake kwa uongo, na uongo wenyewe haukuwa hata wake.

Mwajuma, muuza vitenge wa mtaa wa Nyamugari, akamwambia kwamba Nassoro yuko Muyinga, siku hizi ni fundi cherehani. Anisia akapanda gari kwenda kumgombeza. Alipanga kuanza na "njia ya mwongo ni fupi", ingawa yake yeye ilikuwa ndefu, ya kupita Karuzi yote hadi Muyinga.

Alimkuta barazani, ameinamia nguo, mvi zimemjaa. Akaanza kwa kumweleza jinsi mwisho ule ulivyomrudisha mama yake, na kwamba haukuwa wa kweli. Nassoro akaacha kushona.

"Mafuta ya jenereta ilikuwa inaisha, filamu bado iko katikati," akasema. "Watu wamekaa kwenye giza, wananingojea. Ule mwisho mi sijauona hata siku moja. Niliutoa kichwani."

Akataka kujua wa kweli ulikuwaje. Anisia si mtu wa kudanganya kuhusu filamu. Akamwambia: majivu, mtu anageuka, anaondoka. Mzee akatikisa kichwa, kisha akauliza wao walipofika Gitega walikuta nini.

"Nyasi," akasema Anisia. "Zilinifika kifuani. Hata ukuta haukuwepo."

"Na mkaondoka?"

Hawakuondoka. Akamweleza jinsi walivyojibanza kwa majirani, mama akafyatua matofali kwa mikono yake, watu wakachangia vigae. Leo wana vyumba viwili, na asubuhi ile alimwacha mama akiteleka maharage.

"Bon, vizuri," akasema Nassoro, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Basi filamu yao ndiyo iliishiwa mafuta."

Anisia alisahau kabisa kumgombeza. Alirudi Gitega na salamu zake, akampa mama yake maneno yale kama alivyoyasikia. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Akauliza filamu ile itaonyeshwa lini tena, maana safari hii atasimama yeye mwenyewe kando ya televisheni, awamalizie watu.