Mtoto wa Kwenye Kabati la Vyombo

Mie nilishawahi kuandikwa kwenye kitabu. Usicheke. Kitabu kabisa, cha rangi, na kwenye jalada nipo mie na magongo yangu mawili. Miguu wameichora vilevile ilivyo, imepinda kwa ndani. Masikio tu ndo walinionea, sina masikio makubwa kiasi kile.

Miguu yangu nimezaliwa nayo hivi. Nyayo zinatazamana kama watu wawili wanaosengenya. Mama anasema mkunga alimwambia zitanyooka zenyewe nikikua. Nimekua, na zenyewe bado zinasengenya.

Nilikuwa darasa la tano, shule yetu ya hukuhuku Mbagala, dawati moja tunabanana wanne. Mwalimu mkuu akaja mlangoni akaniita. Nikajua nimekamatwa kwa ishu ya mapapai ya jirani wa shule, nikaanza kupanga uongo njiani. Kumbe kuna wageni ofisini. Mama mmoja mpole, mnene, anatabasamu mpaka unaona aibu, na braza mmoja wa kuchora, ana penseli nyuma ya sikio. Wakasema wanatengeneza vitabu vya watoto, kuhusu watoto wenye changamoto. Siku hiyo ndo nikajua kuwa mie nina changamoto. Mtaani nilikuwaga kiwete tu.

Yule mama akaanza kunihoji. Nikamwambia mie ni kipa. Naweka magongo pembeni, nakaa golini, makalio kwenye mchanga, na mpira wa chini haunipiti. Wa juu unapita, lakini goli letu ni mawe mawili, halina juu. Ukipiga juu tunabishana mpaka mwenye mpira anaondoka na mpira wake. Akaniuliza, na sauti kaishusha kama yuko msibani, wenzangu wakikimbia mie huwa najisikiaje. Nikamwambia najisikia vizuri sana, maana wakiwa wanakimbia ujue mpira uko mbali na goli langu.

Akacheka, ila hakuandika.

Akauliza kama nilishawahi kulia. Nikamwambia ndiyo, tulipofungwa na la sita. Hilo nalo hakuandika. Nikamsimulia habari ya mapapai, jinsi mie ndo nilikuwa naangua, kwa sababu gongo langu refu kuliko mkono wa mtu yeyote pale shuleni. Kalamu yake imelala tu. Kumbe alikuwa anasubiri nihuzunike, na mie nikawa namchelewesha.

Kitabu kilikuja nikiwa la sita. Mtoto wa kwenye kitabu amekaa chini ya mti, anawaangalia wenzake wanacheza, machozi yanamtoka. Shule yetu haina mti. Haina hata kichaka cha kujificha usipigwe. Mtoto yule hasemi kitu kurasa zote, mpaka mwisho wenzake wanamwonea huruma, wanambeba mpaka uwanjani, wanampigia makofi, ndo na yeye anafungua mdomo: “Asanteni, marafiki zangu.” Basi. Mdomo wangu wote huu, wamenipa maneno matatu.

Mwalimu akatusomea darasani. Kila akigeuza ukurasa darasa zima linageuka kuniangalia. Niliyekaa naye akaninong'oneza, “We mbona humu una adabu?”

Ingeishia hapo ningecheka mpaka leo. Lakini mwalimu alipofunga kitabu akasema tumejifunza nini, na wenyewe wakajibu tumejifunza kuwapenda wenzetu. Akasema kuanzia leo hataki kuona mwenzenu anakaa kwenye vumbi anapigwa na mipira. Akatolewa mtoto mwingine akawekwa golini. Mie nikaletewa kiti, kikaegeshwa ukutani, kivulini, niwaangalie. Yule kipa mpya aliogopa mpira kama unang'ata. Wakafunga, wakafunga, na mie nimekaa kwenye kiti cha mwalimu kama mgeni rasmi. Hapo sasa ndo nikalia. Yule braza angekuja siku hiyo angeikuta picha yake iko tayari.

Nyumbani lakini kitabu kilipokelewa kama digrii. Mama alikifuta kwa kanga, akafungua kabati la vyombo pale sebuleni, akakisimamisha ndani, jalada limetazama nje, katikati ya vikombe vya kauri ambavyo hatujawahi kuvinywea chai. Akija mtu anaonyeshwa. Watu wa mtaa mzima walikuja kuniangalia kabatini, na mie mwenyewe nimekaa pale mkekani nakula muhogo.

Sasa hapa lazima nimseme dada yangu. Tulizaliwa wawili tu, na baba alishafariki mie sijaanza shule. Dada ndo alinibeba mgongoni kunipeleka shule mpaka nilipozoea magongo. Njiani watu walikuwa wakimpa pole. Yeye anawajibu hajafiwa. Na tulikuwa na ahadi yetu. Unajua kwenye harusi zetu bwana harusi akija kumchukua bibi harusi anakuta mlango umefungwa, ndugu wa bibi harusi wameshika komeo, hafunguliwi mpaka atoe chochote, na maneno yanatupwa hapo, watu wanacheka. Dada alisema siku yake mlango nitashika mie. Tena alisema, “Kipa nnae ndani ya nyumba, nitamtafuta nani tena?” Nilikuwa nafanya mazoezi. Kila nikitoka bafuni nafunga komeo la mlango wa uani, nakaa chini, naanza kumtukana shemeji ambaye bado hajapatikana.

Shemeji wa kwanza alipatikana akapotea. Watu wake walikuja wakanikuta mlangoni namenya vitunguu. Wakanitazama miguu, wakanywa soda zao, wakaaga vizuri, hawakurudi. Hakuna aliyesema neno, lakini mtaani maneno yalirudi yenyewe, kwamba kwenye ile nyumba kuna kitu kwenye damu, binti mzuri ila atawazalia wajukuu wa namna ile. Dada alilala siku mbili hajala. Mama alininyamazia, na mama akinyamaza ujue anahesabu.

Kwa hiyo alipotokea wa pili, kijana wa Segerea, fundi umeme, mtu wa maana, mama alijipanga. Huwa wanafanyaga hivi: kabla ya barua ya posa, anatangulia shangazi wa mwanaume peke yake. Anajifanya anapita tu, anaomba maji ya kunywa, na huku macho yanafagia nyumba nzima. Mama alipenyezewa siku. Asubuhi akanipeleka kwa mama jirani, anayeuza maandazi, chumba chake kimepakana na sebule yetu, katikati kuna kichochoro ambacho ukipiga chafya kwetu, kwao wanakuitikia. Akanikalisha kwenye ndoo. Akarudi nyumbani akaficha magongo yangu uvunguni. Akaficha kandambili zangu, zilizolika upande mmoja. Akaficha hata kile kigoda changu kifupi. Akapiga deki, akafukiza udi.

Akasahau kuwa mie nipo kabatini.

Nilisikia kila kitu. Shangazi akabisha hodi, akakaribishwa, akapewa maji. Akasifia pazia. Akauliza dada anapenda kupika nini, mama akajibu vyote. Kisha nikasikia kiti kinavutwa.

“Na huyu kwenye kabati nani?”

Mama jirani, ambaye alikuwa anakanda unga, akaacha kukanda.

“Huyo wa kwenye kitabu tu,” mama akasema. “Vitabu vya shule hivyo, hadithi za watoto.”

“Maana nimeshtuka. Nikasema isijekuwa wa humu.”

“Hapana, shoga. Mie Mungu kanipa huyu mmoja.”

Shangazi akashusha pumzi, akasema vitabu vya siku hizi navyo, wanawachorea watoto vitu vya kutisha, mtoto akilala si ataota. Mama akasema ndo hivyo, dunia imebadilika. Wakacheka. Kicheko cha mama nakijua, kile hakikuwa chake, ila kilikuwa kirefu.

Mama jirani akanipa andazi la moto, akanishika kichwa. Nikamwambia aniongeze lingine, maana aliyekula la kwanza hayupo duniani, ni hadithi. Hakucheka. Utani mwingine ukiutoa kwa mtu mwenye huruma unaharibika.

Nilivyorudishwa nyumbani jioni nilikuta kitabu kimeshatolewa, pale kiliposimama pamewekwa birika. Mama yuko jikoni. Nikamwambia, “Mama, yule wa kwenye kitabu anaomba chai.” Akanimiminia, akanitilia sukari nyingi kuliko kawaida, hakuniangalia. Chai ikamwagika kwenye sahani. Sijawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kusema.

Dada alikuwa chumbani muda wote ule, na chumba chake na sebule kinatenganishwa na pazia, lile lile lililosifiwa. Alikuja kukaa kitandani kwangu. Akasema, “Nikishaingia kwao nitawaambia, mdogo wangu. Taratibu.” Nikamuuliza kuhusu mlango. Akaninyoosha kola ya shati, na shati lenyewe halikuwa na kola, lilikuwa fulana.

Siku ya harusi nilikuwa palepale kwenye ndoo kwa mama jirani, nimevaa kanzu mpya ya kukaa nayo chumbani. Kulikuwa na muziki wa singeli mpaka bati linacheza. Pilau ilinifikia, mie ndo sikufika. Alfajiri hiyo mama alikuja mwenyewe kuniaga, kana kwamba mie ndo naolewa naenda mbali.

Walipofika kina bwana harusi nikasogeza sikio dirishani. Mlango kapewa binamu yetu, mtoto wa baba mdogo, jitu zima lenye miguu imara, inayotazama mbele yote miwili. Wakagonga. Akauliza nani. Wakasema wageni. Akafungua. Akafungua bana! Hakutukana hata mtu mmoja, hakumuuliza bwana harusi anajua bei ya unga, hakumwambia aimbe. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka, nimeyapanga kama vocha, nikayamaliza mwenyewe kwenye kile chumba, kwa sauti ya chini, nayaambia magunia ya ngano. Vigelegele vikapigwa, dada akatoka. Wamemfunga bao la chini, lile ambalo mie halinipitigi.

Miaka imepita. Shule niliishia la saba. Nina meza yangu ya kutengeneza simu, palepale Mbagala karibu na stendi, na kwenye simu nina mkono mzuri, hata wanaonipa pole wanaacha simu zao wakishamaliza. Dada yuko Segerea. Anakuja kuniona, sikatai. Anakuja peke yake, anakaa kwenye kigoda changu, ananiletea vyakula vya sikukuu. Kila akija namuuliza ameshawaambia. Anasema taratibu. Mtoto wake wa kwanza kazaliwa miguu imenyooka, wa pili pia, na mie mwaka wote ule wa mimba ya kwanza nilikuwa naomba dua hiyohiyo aliyokuwa anaomba mama mkwe wake, na mwenyewe hajui tuliomba pamoja. Nikadhani sasa basi, hofu imekwisha, nitaitwa. Sijaitwa. Kwao bado kazaliwa peke yake. Picha za wapwa zangu nazionaga kwenye simu yake akiniachia niitengeneze.

Mwezi uliopita alikuja betri yake imevimba. Nikamwekea mpya, ile nzuri, ninayowaficha wateja wa kubishana bei.

Juzi jioni akanipigia. Furaha tupu. Mtoto wake mkubwa ameanza kujua kusoma, shuleni wameazimishwa vitabu warudi navyo nyumbani, na alichopewa yeye unakijua. Kimeshachakaa, dada akasema, jalada limebandikwa gundi, lakini mtoto hakiachi, analala nacho, anamsomea kila anayeingia. Nyuma nilikuwa namsikia, kasauti kembamba, kanasoma kwa kuvuta silabi, kamefika pale chini ya mti.

“Anakupenda huyu, we acha tu,” dada akasema.

“Anampenda nani?”

“Si yule mtoto.”

“Umemwambia ni nani?”

Kule nyuma mpwa wangu akauliza, mama, huyu alipona? Na dada, hajaziba hata simu na mkono, akamjibu kuwa hii ni hadithi tu, baba, wa kwenye hadithi huwa hawaumwi kweli.

Nikamwambia, “Mpe simu. Nitamjibu mie.”

“Chaji inaniishia, mdogo wangu,” akasema. “Nitakupigia.” Akakata.

Ile betri nimeiweka kwa mkono wangu. Inakaa siku mbili.